Mama Anachagua Kipanya

Mama anayewapigia watu chapa barua zao alirudi jana dukani kwangu, sokoni Kolwezi, kutafuta kipanya kisicho na waya cha laptop yake. Maneno ya kwenye boksi hayasomi. Hukiweka kipanya sikioni, akikibonyeza kushoto na kulia. Kikilia sana, hukirudisha. Kisha hufungua kifuniko cha betri kwa ukucha wa kidole gumba na kukagua springi kama ina kutu. Tangu kampuni ya mgodi ianze kubomoa nyumba za mtaa wao, ndiye anayeandika malalamiko ya majirani, na sauti yake imeshuka, kama ya mtu aliye kanisani. Nilimwambia kioo cha kaunta huvichanganya vipanya, nikamtandikia kadibodi. Hakuitumia. Alikaa juu ya ndoo, laptop mapajani, akakiweka kipanya gotini, juu ya kitenge.

“Pa kitambaa haitatembea muzuri, mama. Ile ni ya pa meza.”

“Meza ilibakia mu nyumba, tata. Balivunja byote pamoja. Sasa mi natumika kazi hapa, pa magoti.”

Mshale ulisogea kwenye skrini. Naye akaendelea kukitembeza polepole, kwenda na kurudi, kama mtu anayefuta meza kabla ya kuandaa chakula.