Chanjo ya Bi Sabuni

Mtaa mzima ulimwita Bi Sabuni, na jina hilo alilihangaikia mwenyewe. Mwanamke gani mwingine husugua vyombo vya maji vya kuku mpaka vinang'aa? Mlangoni mwa banda aliweka beseni la dawa ya kuua vijidudu, na hata mumewe akitaka kumwambia neno, sharti achovye miguu kwanza.

Kwa hiyo vifaranga wake wa wiki nne walipoanza kujikunyata, manyoya yamesimama, wakiharisha maji meupe, alijua pa kutupia lawama. Wifi yake! Ndiye aliyewapa chanjo ya gumboro, ugonjwa unaoua vifaranga, kwenye maji, na ndiye anayezunguka masoko ya kuku na viatu vile vile.

"Wifi, viatu vyako vimeniletea ugonjwa. Usikanyage tena hapa!" alimfokea, majirani wakisikia.

Miaka saba walifuga pamoja. Wifi aliweka ufunguo wa banda juu ya ukuta, akaenda zake.

Kuku waliendelea kufa. Bi Sabuni alisugua, akafagia, akanyunyiza dawa, akalaani, na kila asubuhi akatoa mizoga mingine. Hasira alikuwa nazo, lakini hakuwa na wa kumtolea tena.

Siku ya nne alikuja daktari wa mifugo. Alimpasua kuku mmoja juu ya gunia. Paja lilikuwa na michirizi ya damu. Figo zilikuwa zimevimba na kupauka. Kisha akaonyesha kitu kidogo karibu na tundu la haja, kimevimba, na alipokikata kilikuwa na damu ndani.

"Mama, hiki ni kifuko cha kinga. Kirusi cha gumboro kinakimbilia hapa. Hata atakayepona, kifuko kitasinyaa, na ugonjwa mdogo tu utamwangusha."

"Si walichanjwa!"

"Vyombo vya maji ya chanjo vilioshwa kwa kitu gani?"

Bi Sabuni akajivuna kidogo, hata katika msiba ule. "Wifi alivisuuza kwa maji matupu, mvivu yule. Mimi nikapita nyuma yake na dawa kali, nikaibakiza kidogo humo ndani, ili maji yawe salama."

Daktari alifuta kisu chake taratibu. "Chanjo ile ni kirusi hai, kimepunguzwa makali tu. Dawa yako ilikiua kabla kuku hawajanywa. Wifi yako ndiye aliyefanya sawa."

Bi Sabuni alijichukia. Na banda la pili lilikuwa na vifaranga mia mbili wanaosubiri chanjo ile ile keshokutwa. Hao nao wangekufa, na hakujiamini tena hata kushika ndoo.

Aliuchukua ufunguo ukutani, akaenda kubisha hodi.

"Wifi, nimekosa. Ni mimi niliyeua chanjo. Njoo unisaidie."

Wifi aliupokea ufunguo. "Vyombo ataosha nani?"

"Wewe. Kwa maji matupu. Mimi nitakaa nje."

Siku ya chanjo wifi alifika na viatu vile vile vya sokoni. Majirani wale wale walikuwa nje. Alisimama mbele ya beseni, akachovya mguu mmoja, akautoa, akachovya wa pili, bila haraka yoyote, kisha akageuka.

"Sasa naweza kukanyaga?" aliuliza kwa sauti ya kusikika.

Bi Sabuni akajibu kwa sauti ile ile, "Kanyaga, wifi yangu."