Wino wa Shangazi Sauda

Wino wa bei nafuu unaotoka India una harufu yake. Ukifungua chupa, inakupiga puani kama dawa ya kidonda, kisha nyuma yake inakuja harufu nyingine tamu kidogo, kama ya chuma kilichonyeshewa. Nikiinusa, popote nilipo, narudi Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenye meza ya Shangazi Sauda iliyojaa madoa ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza.

Shangazi, dada mdogo wa baba yangu, alikuwa mwalimu wa darasa la tatu huko Abuku, karibu na hapo. Mwaka mmoja, mimi nikiwa mtoto, alianguka na bodaboda akitoka shuleni, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini vidole vilibaki vigumu. Chaki aliweza kuishika. Kalamu ya biki ilimshinda, kwa sababu biki inataka kukandamizwa, na baada ya mistari michache mkono ulitetemeka mpaka herufi zikalala chali. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema, ila alisema wazi: shule ikifunguliwa, kama hawezi kuandaa masomo na kusahihisha madaftari, nafasi yake atapewa mwingine.

Wageni walikuja kumpa pole. Walikunywa chai, wakautazama ule mkono, wakatazama chini.

Hospitalini, mjini Arua, mama mmoja aliyemfanyisha mazoezi ya vidole alimshauri ajaribu kalamu ya wino, ile ya kujaza, maana ncha yake huteleza yenyewe. Kalamu ikapatikana. Taabu ikawa wino. Ule tulioupata Koboko, ukigusa karatasi nyembamba ya daftari la shule, ulitawanyika kama miguu ya buibui na kutokea upande wa pili.

“Tafuta wa bei kubwa,” mama yangu alimwambia. “Rahisi ni ghali.”

“Kwa mwalimu wa Abuku,” Shangazi akajibu, “ghali iko ghali zaidi.”

Basi Jumamosi moja akajiandaa kwenda Arua. Mama, ambaye alijua kupatana bei kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, alikwisha kujifunga kitambaa kichwani amsindikize. Shangazi akamwambia apumzike. “Nakwenda na huyu,” akasema, akinionyesha mimi. Nilivimba kama andazi kwenye mafuta.

Karibu na soko la Arua alikuwapo Mama Viola, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, aliyeuza vifaa vya shule kwenye kibanda cha mabati. Alitupangia chupa mezani: nyeusi, buluu, zambarau, na nyingine kwenye boksi baya lililopauka.

“Yote hii iko ya India,” alisema. “Bei iko karibu moja. Lakini tabia hapana moja. Jaribu, mwalimu, usiogope.”

Tukakaa. Shangazi alisuuza ncha kila baada ya wino mmoja na kuandika kwenye daftari langu la zamani majina ya wanafunzi wake, Amina, Lomoro, Grace, Data, huku mimi nikiwa mkaguzi. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto ni adui wa wino mbichi. Nilipitisha kiganja juu ya kila jina. Ule mweusi uling'aa kama kiatu cha askari, ila ulichelewa kukauka, na nusu ya Lomoro ikahamia kiganjani mwangu. Ule wa buluu ulinivutia mpaka nilipoudondoshea tone la maji, Amina akayeyuka kabisa. Paa la darasa la Abuku lilivuja. Wino ule usingemaliza msimu wa mvua.

Zambarau niliutamani kwa moyo wote. Nikainama mpaka pua ikakaribia karatasi.

“Shangazi, wino unatambaa! Grace amekuwa kiwavi!”

Mama Viola akacheka mpaka akashika meza.

Ukabaki ule wa boksi baya. Rangi yake ilikuwa buluu iliyokaribia weusi, kama wingu linalokuja na mvua. Ulikauka upesi. Maji yaliufifisha kidogo tu, jina likabaki. Shangazi aliandika tena, na tena, polepole, herufi zikizidi kuwa za mviringo.

“Mbaya, lakini mzuri,” nilitoa hukumu. Akanunua chupa kubwa, na ndogo nyekundu ya kusahihishia.

Shule ilipofunguliwa alisimama mbele ya darasa lake, na mpaka leo anafundisha. Mwandiko wake haukurudi kama zamani. Umekuwa mwingine, mpana na mtulivu, na wazazi wanausifu.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kwa nini siku ile hakumchukua mama. Alifuta kalamu kwa kitambaa kwanza.

“Watu yote walikuwa naangalia mukono yangu,” alisema. “Mama yako pia, analia ndani. Wewe ulikuwa naangalia wino tu, tena unagombana nayo.”

Kweli, sikumbuki mkono wake ukitetemeka kibandani, ingawa lazima ulitetemeka. Miaka yote nilijisifu kwamba alinichagua kwa sababu ya jicho langu la kutambua rangi. Kumbe alitafuta mtu mmoja ambaye mbele yake angeweza kuandika vibaya kwa amani, mpaka aandike vizuri.