Kitabu Chini ya Godoro

Kwao Aroita, mtu akikwambia bubuti, umekwisha. Hilo ni ombi lisilokataliwa. Atakitaja kitu chako, atalisema neno hilo, nawe utakitoa huku unacheka, hata kama moyoni unamlaani yeye na ukoo wake mzima. Kumnyima ni aibu, tena aibu yenyewe haimwangukii aliyeomba. Inakuangukia wewe uliyenyima, pamoja na mama yako aliyekulea. Ndivyo watu wa Kiribati wanavyoishi kwenye visiwa vyao vyembamba, na ndivyo wanavyoishi hata Suva, mji mkuu wa Fiji, wanakokwenda kusomea ualimu kwa ufadhili wa serikali.

Aroita alikuwa na mwaka wa tatu Suva, na bubuti zilikuwa zimemfika shingoni. Ndala zake nyekundu zilikuwa zikitembea kwenye miguu ya msichana mwingine. Chupa ya kamaimai, ile asali nzito ya tembo la mnazi aliyopikiwa na mama yake, iliondoka na binamu wa binamu ambaye hata jina lake la ukoo alikuwa halijui vizuri. Mwavuli nao ulikwenda, tena katika mji ambao mvua imehamia na vyombo vyake. Lakini tusimhurumie kupita kiasi, maana yeye pia alikuwa na mdomo wa kuomba. Blanketi alilojifunika kila usiku lilikuwa la Bwereia, rafiki yake tangu shule ya sekondari kule Tarawa. Alilitaka, akalitaja, akapewa siku hiyo hiyo.

Kitu kimoja tu hakikuwa kimeguswa na mtu, nacho kilikuwa kitabu kikubwa alichokitengeneza kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Alikata makaratasi magumu ya maboksi, akayabandika karatasi nyeupe, akachora na kupaka rangi mpaka vidole vikawa vya buluu, kisha akazishona kurasa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Kilikuwa kikubwa kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza angeweza kujificha nyuma yake. Hadithi ilikuwa ya Kaa mwenye shimo dogo. Mvua inanyesha, Kuku anabisha hodi, Kaa anasema ingia. Panya anabisha hodi, Kaa anasema ingia. Hivyo hivyo mpaka shimo linajaa na Kaa mwenyewe anabaki nje, macho tu. Hadithi za watoto ndivyo zilivyo.

Aroita na Bwereia walipangwa kufanya mazoezi katika shule moja, Aroita darasa la kwanza, Bwereia la pili, na kati yao ukuta wa mbao wa kukunja usiozuia hata chafya. Mkufunzi wao, Bi Vasemaca, angekuja kuwakagua, Bwereia Jumatatu na Aroita Jumanne. Ukaguzi huo ndio ulikuwa kila kitu. Asiyefaulu hupewa nafasi nyingine wiki inayofuata, na akianguka tena ufadhili unakatwa, anapanda ndege kurudi nyumbani bila cheti.

Jumapili mchana, baada ya ibada, Bwereia alibisha hodi chumbani kwa Aroita mtaa wa Raiwai. Maji yalikuwa yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Umetoka kuogelea?" Aroita akamtania.

"Niache, mwenzangu. Paa la hosteli limefumuka. Chati zangu za ndege, kadi zangu za maneno, zote zimekuwa uji. Ungeziona ungedhani napika." Akatoa mfuko wa shelisheli la kukaanga, bado la moto, akajibwaga juu ya godoro pale sakafuni. Godoro likatoa mlio mkavu. Chini yake, mahali pa kunyooshea vitu visijikunje, kililala kitabu cha Kaa.

"Godoro gani hili linalokoroma?" Bwereia akauliza.

"La bei rahisi."

Bwereia akacheka, akamega shelisheli. "Sikiliza. Bi Vasemaca anakuja kwangu kesho kipindi cha kwanza. Kwako ni Jumanne, si ndiyo? Basi bubuti, Aroita. Nipe kile kitabu chako cha Kaa."

Alilisema kama mtu anayeomba chumvi mezani, bila wasiwasi wowote, kwa kuwa hakukuwa na la kuhofia.

Aroita akajiona amesimama Jumanne mbele ya Bi Vasemaca na kitabu ambacho mama yule alikuwa amekwisha kukiona jana yake kwenye mikono ya mwingine. Angesemaje? Mimi ndiye niliyekichora? Akakumbuka wenzake wa darasani, wasichana wa Suva, wanaosema hapana kisha wakaendelea kula, wala hakuna aliyekufa. Kwa muda mrefu alikuwa akiwahusudu kwa hilo. Alifungua mdomo aseme hapana yake ya kwanza, ikamkwama. Hata ujasiri wa kunyima hakuwa nao. Akadanganya.

"Nimekiacha shuleni. Kiko kabatini, na ufunguo anao Mwalimu Prakash."

Mwalimu Prakash ndiye aliyekuwa mwenye darasa la kwanza, mzee aliyebakiza muda mfupi astaafu. Bwereia alitazama chini kidogo, akafuta mikono kwenye sketi.

"Haya. Nitachora ubaoni. Kwani waliotufundisha sisi walikuwa na nini? Chaki na fimbo." Akainuka. Kipande kikubwa cha shelisheli akamwachia. "Kula wewe. Umesawajika, mwalimu wangu. Ukaguzi huu utatuua."

Mlango ulipofungwa, Aroita aliinua godoro haraka kuangalia kama kitabu hakijavunjika. Baadaye hilo ndilo lililokuja kumchoma kuliko hata uongo wenyewe. Alikikuta kizima, akashukuru Mungu, akala shelisheli lote.

Jumatatu mvua ilipiga bati la shule kama watu wanaomwaga kokoto. Kupitia ukuta wa mbao Aroita alisikia kila kitu. Bwereia hakujaliwa mkono wa kuchora, na kuku wake alifanana na birika. Mtoto mmoja akasema hivyo kwa sauti, darasa likalipuka. Chaki ilikatika. Wa nyuma walilalamika hawaoni, wa mbele wakaanza kusukumana. Sauti ya Bwereia ilizidi kupanda, kisha ikaanza kutetemeka. Aroita aliwaambia watoto wake wafungue ukurasa, yeye mwenyewe hajui ukurasa gani. Mchana matokeo yalijulikana: Bwereia atakaguliwa tena Jumatatu ijayo.

"Ningekuwa na kile kitabu..." Bwereia alianza kusema walipokutana bombani, kisha akaacha. "Basi tu. Imepita."

Aroita alitamani ardhi impasukie. Hata hivyo akanawa mikono, akaenda zake.

Jumanne Aroita aliwahi shuleni kabla ya kengele, kitabu kimezungushiwa mkeka. Alijiambia kwamba akikutwa nacho darasani, uongo utakuwa umekuwa kweli. Lakini Bi Vasemaca hakuja peke yake. Alikuja na Bwereia, akamwekea kiti nyuma ya watoto.

"Keti hapa uangalie mwenzako," Bi Vasemaca akamwambia, bila ubaya wowote. "Huyu ni mtu wa maandalizi. Jifunze."

Bwereia akaketi, mikono mapajani, kama mwanafunzi aliyerudishwa darasa.

Aroita akaegemeza kitabu kwenye kiti alichokipandisha juu ya meza. Ukurasa wa kwanza haukuisha, kitabu kikateleza. Akakiweka sawa, kikateleza tena, watoto wakaanza kukikimbilia. Bi Vasemaca akashika kalamu. Ndipo Bwereia alipoinuka kule nyuma, akapita katikati ya watoto, akakinyanyua kitabu kwa mikono miwili na kukishikilia mbele ya kifua chake. Kikamficha uso wote.

"Endelea," akamnong'oneza kutoka nyuma ya Kaa. "Nifunulie kurasa."

Somo likaenda kama maji. Watoto walibisha hodi kwa sauti za kuku na panya, wakasoma maneno kwa pamoja. Mwishoni kabisa Litia, kasichana kembamba kalikokaa mbele, akanyoosha mkono.

"Madamu, kwa nini Kaa hakuwaambia shimo limejaa?"

Aroita alikuwa ameandika maswali yote na majibu yake kwenye andalio la somo, lakini hilo halikuwamo. Akatazama kitabu.

"Kwa sababu walikuwa wameloa," sauti ya Bwereia ikajibu kutoka nyuma ya kurasa.

Watoto wakacheka sana, wakadhani Kaa ndiye aliyesema. Bi Vasemaca naye akacheka, akaandika jambo. Alama alizopewa Aroita zilikuwa za juu kuliko za wanachuo wote wa mwaka ule, na mbele ya watu mkufunzi akamshika bega, akasema nchi yake imepata mwalimu.

Watoto walipotoka kwenda kucheza, Mwalimu Prakash alikuja akakipapasa kitabu kwa heshima.

"Kazi nzuri, binti. Ndicho alichokuwa akikitafuta mwenzako jana?"

"Jana lini, Mwalimu?"

"Asubuhi mapema, hata mlinzi hajafungua geti vizuri. Aliniomba ufunguo wa kabati. Nikamwambia, ufunguo gani, mwanangu? Kabati lenyewe halina mlango tangu kimbunga. Angalia." Na kweli, kabati lilikuwa pale nyuma, wazi kama lilivyokuwa siku zote, na ndani hamkuwa na kitu ila chaki na mende. "Akanishukuru, akaenda zake. Msichana mpole yule."

Kumbe alijua. Aliingia kwenye ukaguzi wake akijua, alisimama pale bombani akijua, na leo alikishikilia kitabu kile mpaka somo likaisha, akijua. Aroita alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Wiki ile alisubiri maneno. Watu wa Kiribati walioko Suva si wengi, na jambo kama lile likitoka mdomoni mwa mmoja asubuhi, jioni liko Tarawa. Alisubiri atengwe, asemwe. Jumapili walikutana baada ya ibada kama kawaida, wakala wali na samaki, na hakuna aliyemtazama vibaya. Walimpongeza kwa alama. Bwereia alikaa upande wa pili, akicheka na wengine, na hakuwa amemwambia mtu hata mmoja. Aroita aliona afadhali angetukanwa.

Mama yake alipiga simu kutoka nyumbani.

"Tumesikia umefanya vizuri. Baba yako anatembea kifua mbele. Bwereia hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Mwangalie sana. Mama yake hana mtu mwingine. Huyo ni mtoto wetu, umesikia?"

"Nimesikia."

"Mbona sauti yako hivyo? Unaumwa?"

"Mvua tu, mama. Simu haisikiki vizuri."

Jumatatu ilipofika, Aroita alimkuta Bwereia kwenye varanda, nje ya darasa la pili, kabla Bi Vasemaca hajafika. Kwapani Bwereia alikuwa na magunia ya mchele aliyoyapasua na kuyachora upya, kuku wake bado ana sura ya birika. Aroita akamnyooshea kitabu.

"Chukua."

Bwereia hakunyoosha mkono. "Leo sijaomba."

"Basi niombe."

"Niliomba, Aroita."

Hakulisema kwa hasira, na Aroita hakuwa na mahali pa kuyaweka macho yake. Bwereia akageuka kuingia darasani.

"Nilikuwa nacho," Aroita akasema nyuma yake. "Kilikuwa chini ya godoro. Ulikuwa umekikalia."

"Najua. Kilikoroma."

"Nisamehe."

Bwereia alisimama mlangoni, mgongo umemwelekea. Watoto walikuwa wakipanga foleni, wanabisha hodi ukutani kwa sauti za kuku, wakiigiza waliyoyasikia wiki iliyopita. Aroita aliona kwamba akimwacha aingie na magunia yake, yale macheko yatarudi, na ndege itamrudisha nyumbani mtu aliyempa blanketi. Akalitoa neno la mwisho alilobaki nalo.

"Bubuti, Bwereia. Nipokelee kitabu hiki."

Bwereia aligeuka taratibu. Angeweza kukataa, kama Aroita alivyokataa. Sababu alikuwa nazo, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa ameombwa, na mama yake alimlea vizuri. Akaweka magunia chini, akanyoosha mikono yote miwili.

Alifaulu, nisiwaweke roho juu. Bi Vasemaca alikitambua kitabu, akauliza ni cha nani, na Bwereia akajibu ni cha Aroita, mbele ya darasa zima, kabla hajafunua ukurasa wa kwanza. Mkufunzi akasema walimu wazuri husaidiana, akamsifu Aroita tena. Upande wa pili wa ukuta wa mbao, Aroita alizisikia sifa zile, akainamisha kichwa juu ya daftari za watoto.

Lakini alichokwenda nacho Tarawa, na alichobaki nacho miaka yote aliyofundisha kule, ni yale maneno ya pale varandani. Alidhani siku ile anatoa. Bwereia alipokipokea kitabu alikiegemeza kifuani kama siku ya ukaguzi wa mwenzake, akamtazama moja kwa moja, na kumjibu kama kwao anavyojibu mtu aliyeombwa.

"Haya," akasema. "Nimekupa."