Kopo la Mama la Kupimia Michembe

Kila nikifika sokoni Bariadi siku ya gulio, kabla sijauliza bei, nachukua kopo la muuzaji, naingiza mkono na kupapasa kitako chake. Wauzaji wananicheka. "Dada, umedondosha pete humo?" Wacheke tu. Ninachokitafuta nilikiweka mimi mwenyewe katika kopo la mama yangu, na moyo wangu haujapoa mpaka leo.

Mama aliuza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa hadi vikauke. Alikaa nyuma ya soko, kwenye kivuli cha ghala la pamba, pale pale alipokaa bibi yangu kabla yake. Kopo lake la kupimia lilikuwa la mafuta ya kupikia. Kila akimaliza kupima, alichota konzi moja akaongeza, bila kuombwa. "Mtu asifike kwake ananung'unika," alikuwa akisema. Chema chajiuza, sikuwahi kumsikia akiita mteja.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi wa pamba wakaja na malori yao, mitumba ikamwagwa chini marundo kwa marundo, na wauzaji wapya wakajipanga hadi barabarani. Makopo yao yalikuwa yamegongwa kitako kikaingia ndani ili yapime pungufu, na kila mtu alijua. Katika rundo moja la mitumba niliona viatu vyekundu vya kufunga kwa kamba. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kwa hiyo siwezi kusingizia utoto. Niliona mama yangu ni mshamba, anagawa mali yake bure.

Asubuhi ya gulio, mama alipokwenda kisimani, nililipindua kopo nikaligonga kitako kwa jiwe hadi kikabonyea ndani. Mama hakugundua. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, naye alizoea kulishika kopo ubavuni.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Kasoli, mkulima wa pamba, aliyenunua kwetu tangu sijazaliwa. Alikuja na kikapu chake kile kile, ambacho makopo matatu na konzi moja vilikijaza hadi mdomoni. Siku hiyo mama alipima matatu, akaongeza konzi, na kikapu hakikujaa. Mama wa Kasoli akakitikisa.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "kikapu changu kimekua, au?"

Wanawake wa jirani wakacheka. Mama naye akacheka, akaingiza mkono ndani ya kopo. Mkono ukasimama. Akalipindua, akalisogeza karibu na macho, kisha akanitazama. Mimi niligeuka nikatazama mitumba.

"Ni mimi," mama akasema. "Ni shida tu, mayu. Unisamehe."

Yule mama hakugomba. Alimimina michembe yote juu ya turubai letu, akapokea hela yake, akaondoka. Hadi mchana soko zima lilikuwa na habari, na waliokuwa wakigonga makopo yao kila gulio ndio waliotikisa vichwa zaidi. Wao hakuna aliyewadai uaminifu. Mama alikuwa na jina jema, na jina hilo ndilo nililovunja kwa jiwe.

Tulirudi nyumbani kapu la michembe likiwa bado zito kichwani kwangu. Nilingoja kipigo njia nzima. Laiti angenipiga. Alifika, akachukua mchi, akakigonga kitako cha kopo taratibu kutoka ndani hadi kikarudi, ingawa kopo halikukaa sawa tena. Kisha akaniambia nibandike maji ya ugali.

Hakuacha kwenda sokoni. Aliongeza konzi mbili, baadaye tatu, na bado wateja walipapasa kopo kwanza, naye akawanyooshea. Mama wa Kasoli alikuwa akipita upande wa pili. Mimi nilijiambia nitasema gulio lijalo. Magulio yakaja yakapita, nikaolewa, nikazaa, na mama akafa sijasema.

Siku ya pili ya msiba, mama wa Kasoli alikuja, sasa anatembelea fimbo. Alikaa kando yangu mkekani na kuniwekea mapajani kikapu cha michembe, kimejaa hadi mdomoni. Wanawake walisogea wamsikilize.

"Pole, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Mama yako aliniibia siku moja tu katika miaka yote ile. Nimeshamsamehe. Akalale salama."

Wanawake wakaitikia. Wote wakanitazama, wanangoja neno la mtoto wa marehemu. Kaniki ya mama ilikuwa mabegani mwangu. Mdomo nilikuwa nao, na nafasi ndiyo ile.

"Wabeja, mayu," nikamshukuru, nikapokea kikapu.