Nguzo ya Katikati

Watu walimwita Cheche, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja mwenye alama za moto kuanzia viganjani hadi viwikoni, na ulimi wake ulichoma kuliko mashine. Mteja aliyeleta geti kutengenezwa kisha akaanza kumfundisha kazi aliondoka na geti lake vile vile lilivyokuja. Majirani walisema hasira zake ziko puani. Yeye alisema ziko mahali pake, tatizo ni watu wanaokuja kuzipapasa.

Mwaka huo, msimu wa kuvuna zabibu ulipoanza, hasira hizo zilipata kazi ya kweli. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba mtu wa kwanza aliyestahili kufokewa alikuwa yeye mwenyewe.

Kati ya mashamba ya mizabibu na kiwanda cha mvinyo palikuwa na tuta la reli ya zamani. Treni iliacha kupita kabla Cheche hajazaliwa, watu wakang'oa mataruma wakafanya kuni, na tuta likabaki njia ya wachumaji. Kilomita saba, tambarare tupu, hakuna gari hata moja. Baba yake Cheche alikuwa ameipita kwa miaka thelathini na tisa, na baiskeli ile ile nyeusi, kreti mbili za zabibu kila upande wa keria. Keria yenyewe aliichomelea Cheche. Ilikuwa ya tatu, mbili za kwanza zililiwa na kutu. Na kabla ya hizo zote, juu ya keria iliyokuja nayo baiskeli kutoka dukani, ndiko alikokaa Cheche akiwa na miaka kumi na mitatu, siku baba alipompeleka karakanani kwa mjomba akajifunze kazi. Mjomba alisema msichana ataungua uso akose mume. Baba akamjibu kwamba mwanamume anayetaka uso tu akanunue picha.

Halafu ikaja Njia. Ndivyo walivyoiita wenye kampuni, Njia, kana kwamba kabla yao watu walikuwa wanaruka. Walimwaga changarawe laini juu ya tuta, wakapaka rangi kituo cha treni, wakaleta baiskeli hamsini za kukodisha. Watalii wangeendesha taratibu kutoka shamba hadi shamba, wakionja mvinyo hapa na pale, bila kusikia honi wala kuvuta moshi. Jambo zuri, hakuna aliyelikataa. Cheche mwenyewe alilisifu, tena kwa sauti, kwa sababu meneja wa Njia alimletea kazi: malango matatu, kila lango nguzo tatu za chuma. Alimwachia baiskeli moja ya kukodisha iwe kipimo.

"Ipite baiskeli, isipite gari," meneja alisema. "Kazi rahisi, fundi."

Cheche alipima usukani, akaongeza upana wa kiganja kila upande, ikaja sentimita sabini. Alikata mabomba, akayajaza zege, akachomelea vifuniko, na kwenye bomba, chini kidogo ya kila kifuniko, akagonga nyota ndogo, alama yake. Alisimamisha nguzo zimenyooka kiasi kwamba ungeweza kuzitumia kupimia ukuta. Siku zote hizo baiskeli nyeusi ilikuwa imeegemezwa uani, hatua tatu nyuma ya mgongo wake, kreti zikiwa zimening'inia. Ukiipima kreti hadi kreti ilikuwa mita moja na robo. Alijua kipimo hicho kichwani, maana ni yeye aliyeijenga keria. Hakugeuka kuitazama. Alipima baiskeli ya wageni, akaridhika, akaenda kula.

Siku ya kwanza ya mavuno baba alifika kwenye lango la kwanza jua likichomoza. Kreti ziligonga chuma kulia na kushoto. Alirudi nyuma akajaribu pengo la pili, kisha ukingo wa tuta upande huu na ule, kote hakupitiki. Juu yake palikuwa na bango kubwa limeandikwa Njia Isiyo na Magari, na chini ya maandishi hayo picha ya mzee anayetabasamu, ameshika baiskeli nyeusi yenye kreti nne za zabibu. Mpiga picha alikuja mwaka uliotangulia, akamwambia ni kwa ajili ya kumbukumbu.

Baba alizunguka kwa barabara kuu. Kilomita kumi na moja, mlima mmoja, na malori yanayokimbizana kuwahi kiwandani. Alirudi nyumbani mchana, akanawa mikono, akakaa mezani mbele ya binti yake.

"Kwa hiyo siku hizi mimi ni gari," alisema.

Basi. Hakufoka, hakuuliza nani alizipima nguzo. Baada ya hapo hakuzungumza na Cheche ila pale alipohitaji chumvi au maji. Cheche angependa apigwe hata kofi. Mtu anayefoka unajua la kumjibu, anayekaa kimya hujui la kumfanya, na baba yake alinyamaza siku tano mfululizo.

Mzee alijaribu mwenyewe kutafuta njia. Siku ya pili alishusha kreti lango la kwanza, akazivusha moja moja, akapakia upya. Lango la pili vivyo hivyo, na la tatu. Mtu wa miaka sitini na minane, kreti za kilo ishirini. Alipofika kiwandani saa nne ilikuwa imeshapita. Mama wa mapokezi, anayezipima zabibu kwa kuzigusa na mgongo wa kiganja, aligusa, akatikisa kichwa. Zimepata joto, zimepondeka, zimeanza kuchacha. Mzigo wote ukaenda kwa ng'ombe. Siku ya tatu mzee akarudi barabarani.

Siku ya sita mama wa mapokezi alimpigia simu Cheche. "Njoo umwangalie mzee wako," alisema. "Yuko mzima, lakini njoo."

Alimkuta amekaa juu ya kreti iliyogeuzwa, suruali imechanika gotini, anaosha damu kwenye kiwiko kwa maji ya chupa. Lori lilimpita karibu mno, upepo wake ukamtupa mtaroni. Lenyewe lilikuwa limebeba zabibu pia.

"Dereva hakuniona," baba alisema.

"Alikuona."

"Basi aliniona." Akaendelea kuosha kiwiko. "Kesho nitapita upande wa pili, kuna nafasi kidogo."

Upande wa pili ndio wenye korongo. Mavuno yalikuwa na wiki mbili mbele, siku kumi na nne za malori, na Cheche alifanya hesabu hiyo palepale, damu ikimchemka mpaka masikioni. Hakusubiri hata kubadili ovaroli.

Ofisi ya meneja ilikuwa chumba cha zamani cha kukatia tiketi. Dirisha dogo lenye vyuma bado lilikuwepo, sasa limepangwa chupa za maji na ramani. Ukutani palikuwa na baba yake tena, mkubwa kuliko mlango.

Meneja alimsikiliza vizuri sana. Alikuwa mtu wa kusikiliza, huyo. Alikunja vidole, akainamisha kichwa, akasema pole mara tatu. Kisha akasema suala hilo litaingia kwenye kikao cha mwezi ujao.

"Mwezi ujao zabibu zitakuwa kwenye mapipa," Cheche alisema.

"Nakuelewa, dada. Lakini tukipanua, pikipiki zitaingia. Wageni wamelipia utulivu."

"Pikipiki zinaingia hata sasa. Mwenye pikipiki anapinda usukani anapita, nimewaona kwa macho yangu. Anayezuiwa na nguzo zile ni mtu mmoja tu dunia nzima, na huyo hapo." Alinyoosha kidole ukutani.

Meneja aligeuka, akatabasamu. "Picha nzuri mno. Wageni wanaipenda."

"Mbona ukutani anapita?"

Tabasamu likapungua kidogo. Meneja alishauri mzee apunguze kreti, abebe mbili badala ya nne. Kisha, kwa sauti ya mtu anayempa mtoto pipi, akamkumbusha kwamba Njia itahitaji mabenchi thelathini ya chuma, na kazi hiyo alikuwa amemfikiria yeye. Cheche alimtazama bila kupepesa macho. Hakuwa mjinga. Walimvika baba yake kilemba cha ukoka, wakampandisha ukutani ili wasilazimike kumwona chini, na sasa yeye alikuwa anavikwa cha kwake. Alitoka bila kuaga. Mlango ulijibamiza wenyewe, ingawa alikuwa ameusaidia.

Asubuhi iliyofuata hakujificha. Alimwambia baba yake neno moja tu, "Pitia tutani," akaondoka kabla hajajibiwa. Saa moja na nusu alikuwa kwenye lango la kwanza na mkokoteni wake, juu yake jenereta, grinda na miwani. Alipiga magoti mbele ya nguzo ya katikati. Katikati tu. Alikuwa ameshapiga hesabu: ikitoka hiyo, pengo lingekuwa mita moja na nusu. Baba angepita na nafasi kubaki, gari lisingepita hata kwa dua. Kipimo hicho kilikuwepo tangu siku ya kwanza kwa mtu yeyote aliyetaka kugeuza shingo.

Chuma kilianza kulia. Kundi la watalii kumi na wawili lilifika, kofia ngumu vichwani, likasimama. Kiongozi wao aliuliza kinachoendelea.

"Marekebisho," Cheche alisema.

Nusu ya bomba ilikuwa imekatika meneja alipofika, anahema, shati limetoka kwenye suruali. "Zima hiyo mashine. Hii ni mali ya Njia."

Cheche alizima, akapandisha miwani kwenye paji la uso. "Tazama chini ya hicho kifuniko, kuna nyota yangu. Hii kazi niliifanya mimi, na niliifanya vibaya. Nilipima nusu ya watu. Kazi yenye kasoro ikirudishwa, fundi anatengeneza, tena bure."

"Nani ameirudisha?"

"Atafika sasa hivi."

"Mabenchi sahau. Na nitaita polisi."

"Waite. Waambie waje na baiskeli, magari hayapiti hapa."

Mtalii mmoja alicheka, akaacha. Cheche alishusha miwani akamaliza. Nguzo ilianguka kwenye changarawe kwa kishindo kizito cha zege, na meneja akarudi nyuma kuokoa viatu vyake. Alikuwa bado ana simu sikioni mlio wa mnyororo mkavu uliposikika kutoka upande wa mashamba.

Mzee alikuja anasukuma pedali taratibu, kiwiko kimefungwa kitambaa, kreti nne zimejaa. Watalii walimtazama yeye, wakatazama bango, wakamtazama tena. Hakuna aliyepiga picha. Alifika langoni, akashuka. Akaiona nguzo chini, akamwona meneja, akamwona binti yake mwenye vumbi la chuma hadi kwenye kope.  Siku sita Cheche alikuwa akisubiri neno lake juu ya nguzo zile.

Baba aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya kisiki cha bomba kilichobaki.

"Kina makali," alisema. "Kitachana tairi za watu."

Cheche alipiga magoti tena. Alisaga ukingo ule mpaka ukawa laini, na kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa maji, alishukuru miwani ile kuwa ya giza. Alipozima mashine baba alikuwa ameshapita, amesimama upande wa pili, mguu mmoja kwenye pedali.

"Kuna malango mengine mawili, mwanangu," alisema. "Beba mashine yako twende, zabibu zinapata joto."