Jina Lake Lilibaki Golini

Mwezi wa pili mwaka 2009 nilimpoteza mdogo wangu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa kipa wa timu ya mpira ya kwetu Juru, upande mmoja wa kambi ya wakimbizi. Homa ilimshika siku ya Jumanne. Alhamisi tulimfunga kwenye baiskeli, tukamsukuma mpaka barabarani, tukapata gari la mizigo lililokuwa linapeleka ndizi Mbarara. Tulipopita Kaberebere kichwa chake kilikuwa kwenye paja langu, cha moto sana. Mbele kidogo kilianza kupoa, nami nikadhani homa inashuka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Dereva alisimamisha gari, akaja nyuma kuangalia kwa nini ninaomba, akamtazama, akaniambia turudi.

Hatukufika hospitali. Hakuna aliyetuandikia karatasi yoyote. Tulimzika kesho yake, juu ya shamba la maharage, na watu wa kanisa waliimba mpaka sauti zikakauka.

Kilio kilikaa siku saba. Siku ya tatu wanaume walioketi nje kwenye mabenchi ya kanisa walianza kuongea mambo mengine, kama inavyokuwa. Mimi nilikuwa ndani pamoja na mama. Nikasikia mmoja anauliza polepole, "Na sasa nani atadaka?" Sikukasirika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajiuliza hivyo hivyo asubuhi ile, nikaona haya.

Timu yetu haikuwa timu kubwa. Tulicheza ligi ya kambi na vijiji vya karibu. Kila mwaka tulipokuwa tumepata wachezaji wanaojuana, mmoja wao alipata ndege. Hivyo ndivyo tunavyosema mtu akipelekwa kuishi Australia au Amerika: amepata ndege. Beki wetu wa kati alikwenda Mbarara kupimwa afya siku mbili kabla ya mechi, na hakurudi hata kutuaga. Baadaye tulisikia yuko katika nchi yenye barafu, anafanya kazi ya kukata nyama. Tulimwombea heri, lakini kule nyuma kwetu kuliendelea kuwa wazi. Mdogo wangu peke yake alikaa miaka minne. Hakuwa na kesi ya kuhamishwa, hakuwa na ndege. Alidaka tu.

Wapenzi wa timu walikuwa wakikutana kwa fundi wa baiskeli, kila Jumapili baada ya ibada. Huyo fundi ndiye aliyejifanya mwenyekiti wetu. Walikuwepo pia shemasi wa kanisa letu, na mama mmoja aliyeuza mandazi ambaye hakukosa mechi hata moja. Mimi nilikaa nao kwa sababu ya mdogo wangu. Yeye alizoea kuniita Yaya, maana kwetu ndivyo unavyomwita ndugu mkubwa, na wote pale wakalichukua wakaniita hivyo, hata shemasi aliyenizidi umri.

Wiki ya sita baada ya mazishi nilirudi pale kwa mara ya kwanza. Ligi ilikuwa inaanza mwezi wa nne. Fundi alikuwa ameshika tairi ndani ya karai la maji, anatafuta tundu.

"Hii sezo batatufunga mpaka tuombe pardo," alisema. Kwetu sezo ni msimu, na pardo ni samahani.

"Uulize sezo ya maharage," shemasi akasema. "Ile angalau mvua inaweza kunyesha."

"Mi nasema kweli. Base Camp batatufunga. Rubondo batatufunga. Hata bale ba Kaberebere, benye kukamua ngombe asubuhi, batakuja na harufu ya maziwa batufunge, barudi kukamua mangaribi."

"Tuko na fowadi," nikasema.

"Tuko na fowadi moja, Yaya, na ile moja iko na goti moja."

Mama wa mandazi hakuwa anacheka. "Ninyi banaume muko bule kabisa," alisema. "Timu haijacheza hata mechi moja, muko mushaizika."

Neno hilo lilipomtoka alinitazama, akaweka mandazi mawili mkononi mwangu. Nilikula. Nilitaka waendelee kuongea.

Fundi alifuta mikono, akaanza kueleza shida yenyewe. Ligi ilidai kila timu ipeleke orodha ya majina kumi na manane, kila jina na namba ya kadi yake ya ukimbizi. Tulikuwa tumeipeleka mwezi wa kwanza, na ikafungwa. Hakuna jina jipya mpaka mwaka unaofuata. Kwenye orodha yetu palikuwa na makipa wawili. Mmoja alikuwa amepata ndege. Mwingine nilikuwa nimemzika mimi. Timu isiyofika na kipa aliyeandikwa kwenye orodha ilitolewa, na ikitolewa mwaka mmoja hairudishwi kirahisi.

"Lakini mutu iko," fundi akasema. "Ule mugeni mwenye kufika na bibi yake juzi, fasi ya mutoni. Murefu. Mikono yake unaona kabisa ni ya gadie." Gadie ni kipa, na fasi ni mahali. "Jina lake haliko mu listi. Lakini listi haina foto, Yaya."

Nilielewa kabla hajamaliza. Nikasema hapana.

"Sikiliza kwanza."

"Hapana. Jina la mtu aliyekufa haliitikiwi." Hivyo ndivyo mama yangu alivyotufundisha. Ukisikia jina la marehemu linaitwa, unanyamaza, hata kama ni jina lako pia. Unangoja waseme jingine.

Fundi hakupandisha sauti. Aliinama tena kwenye karai lake. "Yaya, mwezi jana ulipokea chakula cha batu wangapi?"

Nilitazama maji ya karai.

"Minauliza tu."

"Watano," nikasema.

"Na nyumbani muko wangapi?"

Alijua tuko wanne. Kila mtu pale alijua.

"Basi wewe unakula jina lake," alisema. "Siye tunaomba tu kulicheza."

Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyemwambia amekosea. Kambini watu hawakukimbilia kwenda kusema mtu wao amekufa. Ukisema, kadi ya chakula inapunguzwa siku ile ile, na huwezi kujua lini utahitaji kuongeza mtu mwingine na wakukatalie. Sisi nyumbani hatukupanga kitu. Siku ya mgawo ilifika, mama akanipa kadi, nikaingia kwenye mstari, karani akatoboa tundu, nikakinga gunia. Nilikuwa na dakika moja ya kusema, nikaiacha ipite. Mwezi uliofuata ilikuwa rahisi zaidi.

"Chezeni," nikawaambia.

Yule mgeni alikuja nyumbani kwangu kabla ya mechi ya kwanza. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mkulima kama sisi, mwenye aibu. Alisimama nje ya mlango, akasema, "Yaya, jina lake sitaliharibu." Nilimwambia ahsante.

Mechi ilichezwa Kaberebere. Kabla ya kuanza, mwamuzi alisimama mbele ya wachezaji waliopangwa mstari, akasoma majina, na kila mmoja akaitika. Jina la mdogo wangu lilikuwa la kwanza kwa sababu makipa huandikwa juu. Mwamuzi alilisoma vibaya kidogo, kama Waganda wanavyosoma majina yetu. Yule mgeni akaitika, "Niko." Nilikuwa nimesimama na wengine pembeni ya uwanja. Nilitazama viatu vyangu.

Walitufunga matano.

Mtu yeyote asidhani yule mgeni alikuwa mvivu. Alijirusha, aliumia viwiko, na mara moja nilimwona analia. Lakini mikono ile mirefu ambayo fundi aliisifu ilikuwa mikono ya jembe. Hakuwa amewahi kudaka kwao, ila mara chache shuleni. Alikuwa ameogopa kukataa, kwa kuwa alikuwa mgeni na watu walimpokea vizuri.

Fundi aliagiza wote tumwite kwa jina la kwenye orodha, uwanjani na njiani, ili wakubwa wa ligi wasitushuku. Basi wakamwita. Mama wa mandazi peke yake hakulitaja. Yeye alipiga kelele, "Gadie, simama," "Gadie, toka," mpaka sauti ikakatika.

Jumapili baada ya Jumapili tulikaa kwa fundi na kujadili kama tutaamka. Rubondo walitufunga matatu, shemasi akasema tunaanza kupona. Base Camp wakatufunga saba, shemasi akasema mgonjwa amerudiwa. Walibishana kama tucheze na mabeki watano, kama fowadi arudi nyuma, kama tusali zaidi au tukimbie zaidi. Nilikuwa ninawasikiliza na kusikia jina la mdogo wangu katikati ya maneno yao. Fulani amefungwa la kizembe. Fulani aliangalia mpira kama anaangalia ndege. Walijua wanamsema nani, nami nilijua. Lakini wageni waliofika kambini mwaka ule hawakujua, wala watoto.

Watoto ndio waliolimaliza jina lile. Mtoto akidondosha kikombe, wenzake walimwita kwa jina la mdogo wangu. Mtu akikosa kudaka hindi alilorushiwa shambani, walimwita hivyo. Mdogo wangu katika miaka minne aliwahi kufungwa matano mara moja tu, na siku hiyo alikuwa na kidole kilichovunjika.

Mama yangu hakwenda mpirani, kwa hiyo habari ilichelewa kumfikia. Siku moja alikwenda kuteka maji. Msichana mmoja aliteleza na jerikani lake, maji yakamwagika yote, na wenzake wakaanza kumwimbia lile jina huku wakipiga makofi. Mama aliacha jerikani lake kwenye foleni, akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Sababu gani banaita mutoto wangu?" aliniuliza.

Nilimweleza yote, tangu karai la maji mpaka Base Camp. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Umutoe. Umutoe kila fasi."

"Na kadi?"

"Minasema kila fasi."

Nilikwenda kwanza kwa fundi. Nilimwomba waache. Mechi zilikuwa zimebaki tatu, na tulikuwa wa mwisho, hapakuwa na hesabu yoyote ambayo ingetuokoa.

"Tukiacha saa hii batatufukuza," fundi akasema. "Tumalize tu, Yaya. Sezo inayokuja tutamwandika kwa jina lake mwenyewe."

"Sezo inayokuja atakuwa ameshapata ndege," shemasi akasema.

"Ule? Hata kadi hajapata bado."

Wakaanza kubishana juu ya mwaka unaofuata, nani atabaki, nani atakuwa amekwenda. Nilikaa kidogo. Mama wa mandazi alinifuata njiani, akaniambia, "Nenda ku kadi. Ile iko mu mukono yako mwenyewe."

Siku ya mgawo niliamka mapema. Mstari ulikuwa mrefu na jua lilikuwa limeshapanda nilipofika kwa karani. Alikuwa Mganda wa upande wa Mbarara, mtu mwema, anayependa kuongea na watu. Nilimpa kadi, nikamwambia mbele ya wote waliokuwa nyuma yangu kwamba nimekuja kumtoa mtu mmoja. Alikufa mwezi wa pili. Nilisema pia kwamba tulikuwa tunapokea chakula chake na tulifanya makosa.

Aliweka kidole kwenye lile jina, akatabasamu.

"Hii jina mimi najua," alisema. "Si ndio golikipa yenu ya Juru?"

"Ndiye. Amekufa."

"Nani amekufa? Jumamosi hii mimi nilikuwa kule Kaberebere, ile mechi ya pili. Nimemuona na macho yangu. Refa aliita yeye, yeye aliitika. Walimufunga sita."

Watu nyuma yangu walicheka. Wengine walikuwa majirani, wao hawakucheka.

"Yule si yeye," nikasema.

"Sasa ni nani?"

Nilifungua mdomo. Nilimwona moyoni yule mgeni amesimama nje ya mlango wangu, na mke wake, na kadi ambayo walikuwa bado wanaingoja. Kama ningemtaja, karani angeandika jina lake, na siyo kwa ajili ya chakula, bali kumshtaki kwamba anatumia jina la mtu mwingine. Niliufunga mdomo.

Karani alingoja. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayesuluhisha ugomvi wa nyumba. "Muzee, mulipigana na ndugu yako? Mambo ya nyumbani itaisha. Lakini kunyima mutu chakula, hapana. Hiyo ni mbaya."

"Alikufa," nikasema. "Nilikuwa naye ndani ya gari."

"Basi leta karatasi ya hospitali."

"Hatukufika hospitali."

Alitikisa kichwa. Alitoboa kadi yetu, akanirudishia, akaita anayefuata. Kijana aliyepima chakula alikuwa ameshajaza mahindi ya watu watano, akaniambia nisogee, nisicheleweshe wengine. Nilikinga gunia.