Fundi aliniibia RAM Korogwe, mimi nikaenda kuitukana Linux Handeni

Wakuu, salaam kwenu, mlioko nyumbani na mnaochungulia simu kazini bosi akigeuka.

Ninayoandika hapa yalinikuta mimi mwenyewe, siyo jirani wala rafiki wa rafiki. Majina ya watu nimebadilisha, mengine yote yako kama yalivyokuwa.

Leo nimeamka na hasira. Kuna uzi humu wa jana, jamaa anaiponda Linux, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, kwamba ni takataka, kaiweka kwenye desktop yake ya zamani na sasa inatambaa. Kurasa tatu za wachangiaji wanamshangilia. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mashine yake ina RAM kiasi gani, ile memory ya kufanyia kazi.

Hata mmoja, wakuu.

Nikazima simu, nikatoka nje, nikarudi, nikaona hapana, hili lazima niliseme. Huyo jamaa ni mimi wa miaka ile.

Ilikuwa kipindi cha ubinafsishaji. Nilikuwa karani wa stoo kwenye shamba moja la mkonge upande wa Korogwe. Shamba likapata mwenye mali mpya, akaja na watu wake na kompyuta zake, sisi tukapunguzwa. Siku ya kuagana tukaambiwa kila mtu achague kitu kwenye vifaa chakavu. Wenzangu walibeba viti na makabati. Mimi nikabeba kompyuta ya stoo.

Pentium III, monitor ya chogo, RAM MB 256. Najua ilikuwa 256 kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika kwenye daftari la mali, kwa mkono wangu.

Nikahamia kwetu Handeni mjini, nikaiweka sebuleni. Mama mkwe akaifumia kitambaa cha kuifunika. Enzi hizo watu walikuwa wanakuja kuitazama tu, vijana wa leo mtacheka.

Tatizo lilikuwa virusi. Windows ilishambuliwa mpaka herufi zikawa zinajiandika zenyewe.

Hapo ndipo anapoingia Lemburis. Huyu alikuwa tabibu kwenye kituo cha afya, Mmasai wa huko huko wilayani kwetu, kasoma Arusha na huko ndiko alikojifunza kompyuta. Mtu mpole, haongei sana. Akanipa CD ya Linux, akaniambia hii virusi vya kwenye flash na floppy haviisumbui, na kwa RAM yako itakwenda vizuri tu.

CD drive yangu ilikuwa imekufa. Lemburis akasema nisubiri mwisho wa mwezi aazime drive, aje aniwekee mwenyewe.

Sikusubiri. Nikaifunga mashine kwenye blanketi, nikapanda basi mpaka Korogwe, nikampelekea fundi mmoja mwenye kibanda karibu na stendi. Nimwite Sudi. Kijana msafi, maneno matamu, anakuita braza. Nikampa na ile CD aniwekee Linux, akaniambia niiache siku mbili.

Siku mbili zikapita, nikaichukua, nikarudi nayo Handeni.

Wakuu, ile mashine ilikuwa mgonjwa.

Ukiiwasha, unakwenda kuoga, unarudi bado inajivuta. Ukifungua programu ya kuandika, unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe. Ile taa nyekundu ya hard disk haizimiki, na disk yenyewe inakwaruza muda wote kama panya kwenye dari.

Nikasema ni umeme mdogo. Nikaazima stabilizer kwa mwenye duka la nyama, hakuna kilichobadilika.

Nikasema ni vumbi la Handeni. Nikapuliza kwa nje, nikapitisha brashi kwenye matundu. Hakuna.

Nikarudi Korogwe na mashine mapajani. Sudi akaiwasha, akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. Akaniambia Linux ndivyo ilivyo kwenye mashine kuukuu, aliyenishauri hakunitakia mema.

Nikamwamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nikamwamini mtu mwenye maneno matamu, nikamchukia mpole.

Nilifika kituo cha afya moja kwa moja kutoka stendi. Akina mama wamekaa kwenye foleni na watoto wao. Nikamkuta Lemburis mlangoni, nikampasha pale pale kwamba ameniharibia mashine, kwamba arudi kuchunga ng'ombe, mambo ya kompyuta hayawezi.

Ndiyo, nilisema hivyo. Mbele ya wagonjwa wake.

Aliingia ndani, akatoka na kipande cha karatasi ya dawa. Kaandika amri moja fupi ya kuchapa kwenye terminal, lile dirisha la maandishi matupu: free -m. Chini yake: "Niletee namba ya kwanza utakayoiona."

Niliikunja, nikaitupia kwenye droo nyumbani. Nilijiambia sipokei tena maagizo yake.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinasubiri ile mashine.

Kijijini kwa mama yangu, Kwedizinga, alitokea mwekezaji. Anasema sehemu ya mashamba ya watu imo kwenye ramani aliyonunua. Wilaya ikawaambia wanakijiji walete maelezo ya mipaka ya zamani kwa maandishi, halafu wajumbe watakuja kukagua. Kijiji kikanichagua mimi niandike, kwa kuwa nina kompyuta. Ndiyo sifa yenyewe iliyonipa kazi.

Mtu aliyeijua mipaka kuliko wote alikuwa bibi yangu, Bibi Mwanahawa. Alikuja Handeni kliniki ya macho, akalala kwangu siku nne. Siku mbili kati ya hizo alikaa kwenye kochi, akasema, mimi nikachapa. Nani alifyeka wapi. Nani alimwachia nani. Kichuguu kipi kilikuwa mpaka na familia ipi. Njia ya ng'ombe ya wafugaji ilipita wapi.

Halafu akafika kwenye kipande cha mtoni. Akaniambia pale ndipo alipomzika mtoto wake wa kwanza, kabla mama yangu hajazaliwa. Kaburi halina alama. Akanitajia unatokea wapi, unahesabu hatua ngapi, unageukia upande gani.

"Hilo liandike vizuri baba," akasema. "Mimi nikiondoka hakuna anayelijua."

Nikaliandika vizuri. Nikabonyeza save.

Mashine ikaganda.

Taa nyekundu inawaka, disk inakwaruza, mshale hausogei. Nikasubiri. Bibi akaswali adhuhuri, akamaliza, akala, bado imeganda. Uvumilivu ukaniishia, nikachomoa waya ukutani.

Nilipoiwasha tena, faili lipo, jina lipo, ndani hamna kitu. Siku mbili zote nilikuwa nasevu kwenye faili hilo hilo. Sikuwa na nakala. Sikuwa na hata mstari mmoja kwenye karatasi. Karani wa stoo miaka kumi na moja, mtu wa daftari, nikaacha karatasi kwa sababu nina kompyuta.

Bibi akaniambia nisihangaike, nimfuate Kwedizinga wiki ijayo aniambie upya. Akapanda gari akaondoka.

Siku ya tano baada ya hapo kiharusi kikampiga. Kilimchukua upande wa kulia na kikamchukua ulimi.

Nilipofika alinitambua. Akaanza kusema, midomo inakwenda, sauti inatoka, lakini maneno hayapo. Nikampa kalamu mkono wa kushoto nikasahau kwamba bibi hajui kuandika. Akaishika, akaitazama, akanirudishia. Alilia, nami nikalia.

Nilirudi Handeni nikiwa na nia ya kuivunja ile kompyuta kwa nyundo. Nyundo nilikuwa nimeishika kabisa. Mke wangu akaniambia, kabla ya kuivunja, mbona hukufanya alichoandika daktari. Alikuwa ameitoa ile karatasi kwenye droo, ameinyoosha, ameiweka juu ya meza.

Nikachapa. free -m.

Namba ya kwanza: 59.

Nilikodoa macho. Nikachapa tena. 59. Mashine ya 256.

Kwa wasiojua: namba hiyo ni RAM yote ambayo mashine inaiona, kwa MB, na RAM ikiwa ndogo, mashine inakopa nafasi kwenye hard disk, na disk ni nzito mara nyingi zaidi. Ndiyo ule mkwaruzo na ile taa. Haikuwa Linux wala umeme. Ilikuwa mashine inayolazimishwa kupumua kwa tundu moja la pua.

Nikafungua kava. Zilikuwepo RAM mbili za 128 kila moja, nilizijua, stoo tulizipaka alama ya rangi ya kijani. Sasa ipo moja tu, ndogo, haina alama. Tundu la pili liko wazi, na vumbi pembeni yake limefutika kwa alama za vidole.

Sitawaeleza nilivyofika Korogwe, kwa sababu sikumbuki.

Sudi alikuwa kibandani, anakula muhogo. Nikaiweka mashine mbele yake ikiwa wazi. Alitazama lile tundu, akanitazama. Nilitegemea akane. Hakukana.

"Braza, wewe kazi yako ni kuchapa barua tu," akasema. "Memory yote ile ulikuwa huitumii."

Wakuu, niliwahi kuibiwa kabla na nimeibiwa baadaye. Hakuna mwizi mwingine aliyewahi kunipimia mahitaji yangu.

Nilimkunja shati. Watu wa stendi wakatuamua, tukapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Mbele ya mwenyekiti ikajulikana RAM zangu mbili zimo kwenye mashine ya mama mmoja wa duka la kuchapa, kauziwa bila kujua chochote. Mama wa watu aliona haya kuliko mwizi mwenyewe. Zilichomolewa palepale, na mwenyekiti akamwamuru Sudi amrudishie yule mama fedha zake.

Nikazirudisha mahali pake. Linux ile ile, CD ile ile. Programu ya kuandika ikafunguka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Hata sikufurahi.

Nikaenda kwa Lemburis, safari hii nikasubiri kwenye foleni na wagonjwa. Zamu yangu ilipofika nikamwambia ni 59, nikamwambia yote, nikamwomba radhi kwa sauti ili waliokuwa nyuma yangu wasikie. Halafu nikamwambia habari za bibi.

Akaniambia baba yake alichunga pande zile ujanani, njia ya ng'ombe anayoisema bibi anaijua.

"Nitamwomba aje," akasema. "Ila asije kwa ajili yako. Aje kwa ajili ya yule bibi."

Mzee alikuja. Siku ya ukaguzi alitembea mbele ya wajumbe nusu siku, anawaonyesha ng'ombe walipokatazwa kupita kwa sababu palikuwa na mahindi ya watu. Wajumbe wakaandika mipaka kama alivyowaonyesha. Tukabaki na karibu mashamba yote.

Karibu.

Kipande cha mtoni hakuna aliyeweza kukisemea. Wafugaji hawakupita pale. Mimi nilikumbuka kuna kaburi, lakini hatua ngapi, kutokea wapi, sikukumbuka, kwa sababu mtu anayechapa hasikilizi, anachapa. Wajumbe waliniuliza mara tatu. Bibi alikuwa ameletwa kwenye kiti, anatoa sauti, ananyoosha mkono wa kushoto, na mkono unatetemeka mno kuonyesha mahali pamoja.

Kilikwenda kwa mwekezaji. Trekta likapita msimu uliofuata. Bibi alifariki mvua za vuli za mwaka ule ule.

Kwa hiyo funzo, kwa wanaopenda funzo. Kabla hujamtukana mtu aliyekupa kitu cha bure, pima. Mashine ikiwa nzito, angalia memory kwanza, angalia kama ndiyo ile uliyokuwa nayo kabla fundi hajaigusa. Fundi akifungua kava, kaa hapo hapo. Na jambo ambalo halitasemwa mara ya pili, liandike kwa kalamu kwanza.

Wenye uzoefu kama huu mwageni yenu hapa, nitasoma kila mchango. Jamaa wa uzi wa jana nawe karibu, sina ugomvi na wewe.

Mafundi waaminifu najua mpo humu, na wengine mmenisaidia sana. Ila wewe unayefungua mashine ya mtu na kuamua hiki hakihitaji, nakuomba uje hapa utuambie ulijuaje.

Nipo, nasubiri.